Utemi Ulifutwa 1963, Itetemia Bado kwa Fundikira

Tabora ni mji wa kusamehe, au wa kusahau upesi. Agosti 1871 wapiganaji wa Mirambo, mtemi wa Urambo, waliuvamia, wakamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa vigogo wa Kiarabu, wakauchoma moto sehemu kubwa. Msafiri Henry Stanley, aliyekuwa jirani Kwihara, aliuona moshi. Leo vijana wanasoma Sekondari ya Milambo (ndiye huyohuyo Mirambo), na jeshi lina kambi ya Milambo. Sina ugomvi na majina hayo. Taifa changa lilitafuta mashujaa, na Mirambo, aliyejenga dola kwa mkono wake na kuwatoa Waarabu jasho kwa miaka, alifaa kabisa. Lakini alipofariki Desemba 1884 dola yake ilianza kumeguka. Ardhi ya Urambo ikaja kujaribiwa mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi ukafa, ikageuzwa kuwa nchi ya tumbaku. Jina la Mirambo likawa mali ya taifa zima, na mali ya taifa zima haimpi mjukuu hata ekari moja.

Nyumba ya Fundikira, iliyokuwa upande wa pili wa vita ile ya 1871, ilikwenda njia nyingine. Haikuhitaji kambi ya jeshi. Mtajie mzee wa Tabora Itetemia, makao ya watemi wa Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na kabla hujamaliza sentensi ameshakwambia ni kwa Fundikira. Utemi, yaani uchifu wa Kinyamwezi, ulifutwa na serikali huru mwaka 1963, zaidi ya miaka sitini iliyopita, lakini mtemi yupo, anasimikwa, anaalikwa kwenye sherehe, na wanasiasa wanajua njia ya kwenda kwake hasa mwaka wa uchaguzi ukikaribia.

Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni mila. Watu wanaheshimu asili yao, utaambiwa, na asili haifutwi na Bunge. Jibu hilo ni zuri kwenye hotuba, ila historia ya Unyanyembe hailiungi mkono. Wapo watemi wengi Unyamwezi waliokuwa na asili ndefu na leo majina yao yanajulikana na wajukuu zao tu. Nyumba ya Fundikira imedumu kwa sababu kwa vizazi vingi ilijua kupatana na yeyote aliyeshika njia: mwenye pembe za ndovu, mwenye bendera, mwenye chama. Na kila ilipokosea hesabu ya mapatano hayo, ilikuwa na ardhi ya kurudi kukaa.

Anza na Fundikira mwenyewe, yule wa kwanza. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kaze (ndiyo Tabora hii) mwishoni mwa 1857, anasimulia kwamba Fundikira alikuwa safarini kwenda pwani pamoja na msafara, kama mpagazi, alipopata habari kwamba baba yake amefariki. Akatua mzigo, akarudi kutawala. Simulizi hiyo inaeleza mengi kuliko nasaba zote. Mtoto wa mtemi alikuwa barabarani, bega lake linaijua bidhaa, macho yake yanaijua bei ya pwani. Aliporudi kukaa Itetemia hakuhitaji mkalimani wa kumweleza Mwarabu anataka nini.

Burton anamchora mtu aliyetulia: wake kumi, ng'ombe 2,000, nyumba 300 za watumwa na wafuasi. Hakwenda kuwaamkia wageni, na hakudai zawadi. Zawadi kubwa zilimfikia hata hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zishike hizo nyumba 300, maana nitazirudia.

Fundikira pia alioza. Binti yake Kalunde aliolewa na Muhammad bin Juma, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi yake Ituru, karibu na Tabora, na ambaye ndiye baba wa Tippu Tip. Kwa hiyo yule aliyekuja kuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko wote katika nchi za Kongo alikuwa na mama wa kambo aliyetoka ikulu ya Itetemia, na misafara yake ilipita Unyanyembe ikiwa kwa wakwe. Hongo, yaani ushuru wa njia, ambayo Wagogo, watani zetu, waliwatoza wapita njia kwa ukali mpaka misafara ikalia, hapa ilipunguzwa na ukwe. Huo ndio ulikuwa ustadi wa nyumba hii, na wala sisemi kwa kejeli.

Mwanzoni mwa utawala wake Mnywa Sele, aliyemrithi Fundikira, aliona mambo tofauti. Waarabu wamekaa kwenye ardhi yake, wanatajirika, hawalipi kitu. Akaamua wafanyabiashara walipe ushuru. Kwa mtazamo wetu wa leo alikuwa sahihi kabisa, ndilo jambo la kwanza serikali yoyote ingefanya. Lakini kufikia 1860 Waarabu walikuwa wamemwondoa na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele akaingia porini, akapigana vita ya kuvizia kwa miaka, akikata njia za misafara, mpaka akauawa mwaka 1865. Mwingine wa ukoo huohuo aliyekosa kiti, Nyungu ya Mawe, hakusubiri. Alikusanya rugaruga, wapiganaji wake, akaenda kusini kujenga himaya yake Ukimbu, na alipofariki 1884, mwezi uleule wa Mirambo, akamwachia binti yake Mgalula.

Kwa hiyo ukitaka kuelewa neno "asili" katika Unyanyembe, ujue kwamba tangu 1860 hakuna kiti pale kilichokaliwa bila mkono wa mtu wa nje. Mkasiwa aliwekwa na Waarabu na akapigana upande wao dhidi ya Mirambo. Isike, aliyemfuata mwaka 1876, alijaribu kujinyoosha. Emin Pasha, aliyewatumikia Wajerumani, alipandisha bendera ya Ujerumani Tabora mwaka 1890 kwa kupatana na Waarabu, na Isike alikataa kuwa mpangaji katika nchi yake. Ngome yake Itetemia ilistahimili mashambulizi ya 1892. Januari 1893 Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani, akaivunja. Isike alijifungia kwenye ghala la baruti akaliwasha, na Wajerumani wakamtundika akiwa hajakata roho sawasawa.

Hapa wengi husimama na kulia, na wana haki. Isike ni shujaa wetu, na kama ningekuwa na uwezo wa kugawa majina ya kambi, ningempa moja. Ila mchambuzi anatakiwa atazame kesho yake asubuhi. Wajerumani walikuwa na nafasi ya kuifuta nyumba nzima. Hawakufanya hivyo. Walimweka Bibi Nyaso, mwanamke wa nyumba ileile, kwa sababu rahisi: bila jina hilo wangehitaji askari katika kila kijiji kukusanya chakula na vibarua, na wakiwa nalo wangetuma mjumbe. Nyumba ikajifunza kwamba hata ikishindwa vitani, anayeishinda bado anaihitaji. Waingereza, baada ya Wabelgiji kuutwaa mji Septemba 1916 na kuja kuuacha, walifanya hesabu hiyohiyo kwa makaratasi mazuri zaidi. Gavana Donald Cameron na sheria yake ya mamlaka za wenyeji ya 1926 walimfanya mtemi afisa wa mshahara: mazao na kazi ambazo watu walimpelekea vikageuzwa kuwa kodi, naye akalipwa kutoka hazina ya wenyeji. Watu hawa waliofikiri wanahifadhi mila walikuwa wanaajiri.

Majina nayo yalibadilika. Swetu, Mkasiwa na Isike wakafuatiwa na Saidi, Nasoro na Abdallah, na "Fundikira" likawa jina la ukoo linaloandikwa mwishoni. Na katika miaka ya 1920 ikafunguliwa Tabora ile shule ya serikali iliyokusudiwa kwanza watoto wa watemi na machifu, ambayo baadaye ilimpokea na kijana Julius Nyerere kutoka Butiama, naye mtoto wa chifu. Tunapenda kusema Tabora School ilizaa uhuru. Ni kweli, ila ilizaliwa ili kuzalisha machifu wanaojua kusoma hesabu za hazina.

Abdallah Saidi Fundikira, aliyezaliwa 1921, ni zao kamili la historia hiyo yote. Alisoma Tabora, akaenda Makerere, akawa mtemi wa Unyanyembe mwaka 1957. Miezi michache baadaye, Januari 1958, TANU ilikutana mjini kwake na kufanya ule uamuzi wa kushiriki kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu) ambao tunauita Uamuzi wa Busara. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza Waafrika, na nchi ilipopata uhuru yeye ndiye aliyekuwa waziri wa sheria. Fikiria kidogo: serikali ambayo ingefuta utemi ilikuwa na mtemi kwenye kiti cha sheria. Sina uchungu wa kinafiki juu ya hilo. Nyerere alikuwa anajenga taifa lenye makabila zaidi ya 120, na kuwaacha watawala wa kurithi wakae juu ya mahakama na ardhi kungekuwa ni kuweka serikali ndogo ndani ya serikali. Fundikira aliondoka serikalini mwaka huohuo wa 1963. Baadaye akaongoza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 alikuwa kiongozi wa UMD, chama cha upinzani. Baadaye akarudi CCM. Alifariki Agosti 2007. Maisha yake ni mtaala mzima wa kupatana na mwenye njia, na sikumbuki mtu wa Tabora aliyewahi kumcheka kwa kugeuka. Walimwelewa. Walijua anatoka kwenye nyumba gani.

Hayo yote ni ya juu, ya watu wakubwa. Ushawishi wa kweli ulikuwa chini, kijijini, na huko ndiko waandishi wa historia ya mashujaa hawafiki.

Mtemi wa Kinyamwezi hakuwa mwenye shamba kama tajiri wa mkonge wa Tanga. Alikuwa mgawaji. Nchi ilikatwa katika maeneo, kila eneo likawa na mwanangwa, na mwanangwa ndiye aliyemwonyesha mgeni pa kufyeka, aliyesuluhisha ugomvi wa mpaka, aliyejua kisima ni cha nani. Mara nyingi wanangwa walikuwa ndugu, watoto au wakwe wa mtemi. Kwa njia hiyo ukoo mmoja ulipandwa katika vijiji vingi, kila tawi likiwa na watu wake, na kila mtu aliyelima alilima kwa kibali ambacho ukikifuata nyuma kinafika Itetemia. Mtemi hakuhitaji hati. Alikuwa na kitu kigumu zaidi kufutwa: kumbukumbu ya nani alipewa wapi, na nani.

Sheria ya 1963 ilifuta cheo, mshahara na mahakama. Haikuweza kufuta kumbukumbu hiyo, na wala haikuleta nyingine mahali pake. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilihamisha watu na kuvuruga mipaka mingi, lakini baada ya operesheni, watu walipoanza kurudi kimyakimya kwenye mahame yao, yaani makazi waliyohamishwa, nani aliyejua hame la nani liliishia wapi? Wazee walewale, wa familia zilezile. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji, ilipoenea Unyamwezi na Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikiwa na viongozi wake, mikutano yake na hukumu zake, serikali iliona jambo ambalo ingelijua mapema kama ingeuliza: watu hawa walikuwa na namna ya kujitawala ambayo haikusubiri ofisi.

Kuna jambo moja la nyumba hii ambalo halizungumzwi, nami naona ni kubwa. Kiti cha Unyanyembe kiliwahi kukaliwa na Nyaso. Himaya ya Nyungu ya Mawe ilirithiwa na Mgalula. Ukivuka kwenda Kigoma, Heru ya Buha ilikuwa na Mwami Theresa Ntare. Nchi hizi zimezoea mwanamke kutawala watu. Lakini mwanamke wa kawaida akifiwa na mume katika kijiji hichohicho cha Unyanyembe, mara nyingi shemeji ndiye anayeonyesha shamba, na yeye anaonyeshwa mlango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imebatilisha mila inayomnyima mwanamke haki hiyo. Wanaopenda kutaja asili yetu hotubani wangetaja na hili: asili ya ikulu ilimruhusu binti arithi nchi, na sisi tunamnyima binti robo ekari ya mpunga kwenye mbuga.

Basi tuje kwenye leo, maana upepo umegeuka. Septemba 2021, Kisesa, Magu, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa na machifu na kupewa jina la Chifu Hangaya. Tangu hapo machifu wameonekana zaidi hadharani, wamejipanga kitaifa, na mjadala wa nafasi yao umekuwa halali tena. Wapo wanaotaka warudishiwe sauti rasmi katika mambo ya ardhi. Hoja yao ina nguvu kuliko wanavyodhani wapinzani wake: mwenyekiti wa kijiji anabadilika kila miaka mitano, mtendaji anahamishwa, na mipaka inabaki na wale wasiohama.

Mimi nakataa, na sababu yangu ni historia hii niliyoieleza, wala si chuki na ukoo wowote. Nyumba ya Fundikira ilidumu kwa kuwa daraja kati ya mwenye nguvu na mwenye jembe, na darajani mwenye kupita hulipa. Wapagazi walilipa kwa mabega. Wakulima walilipa kwa kodi iliyochukua mahali pa heshima yao kwa mtemi. Mtawala wa kurithi akipewa tena kalamu ya kugawa ardhi, leo hatakutana na Mwarabu wa pembe. Atakutana na mwekezaji, na dalali wa viwanja, na mgombea mwenye fedha. Kwa nini tufikiri atafanya tofauti na waliomtangulia, ambao walikuwa werevu sana na bado walifanya hivyo?

Kinachotakiwa Itetemia ni kingine. Kata hiyo iko ndani ya Manispaa ya Tabora. Mji unapokua, eneo likitangazwa la mipangomiji, mashamba yanakuwa viwanja, upimaji unaanza, na mipaka ambayo ilikuwa kwenye vichwa vya wazee inatakiwa iingie kwenye ramani au ipotee. Makaburi ya watemi na mabaki ya ngome ya Isike yana sheria ya mambo ya kale ya 1964 ya kuyatetea, na ukoo una haki ya kusimama mbele katika hilo, kama ndugu na kama wasimulizi. Kwihara tumelitunza tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 kwa bidii ya kupendeza. Mgeni aliyekaa miezi michache ana makumbusho. Isike aliyefia Itetemia hastahili kidogo kuliko hicho.

Ila watakapokuja wapimaji, na mabishano yakafika kwenye mabaraza ya kata, ambayo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, kisha kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya, ushahidi mtamu kuliko wote utakuwa huu: "Babu yangu alipewa hapa na mtemi." Unasikika vizuri, unaheshimika, una jina kubwa ndani yake. Sasa nazirudia zile nyumba 300 za Burton. Waliokaa humo walizaa. Watumwa wa Unyamwezi hawakupakiwa wote kwenda pwani. Wengi walilima hapahapa, wakaoa, wakapewa majina ya wenye nyumba, na wajukuu zao wako Tabora na vijiji vyake hadi leo, wamelima vizazi vinne au vitano. Hao hawana mtemi wa kumtaja kama mgawaji. Wakisema ukweli wa babu zao wanajivunjia hadhi, na wakinyamaza wanaonekana wavamizi mbele ya jirani mwenye ukoo.

Sheria haiwataki wataje mtu. Ukomo wa kudai ardhi iliyo mikononi mwa mwingine ni miaka 12, na haki ya kimila inatambua matumizi ya muda mrefu. Kwa hiyo mjumbe wa baraza anayesikiliza shauri la Itetemia, au la kijiji chochote cha Unyanyembe, ana wajibu wa kuuliza kwanza mtu huyu amelima hapa tangu lini, miti hii nani aliipanda, kaburi hili la nani, na majirani wanasemaje. Alipewa na nani, hilo liulizwe mwisho, na asiyekuwa na jibu asipoteze shamba kwa sababu hiyo.